Mstari wa Wino Mguuni

Usiku wa tatu pale wodini, fundi cherehani hakupata hata lepe la usingizi. Macho yake yalikuwa kwenye mguu wa binti yake, uliochomwa na msumari wenye kutu, na kwenye mstari wa wino ambao daktari aliuchora kuzunguka weusi wa nyama iliyokufa. Weusi ukivuka hapa, alisema, tunakata.

Daktari alimweleza pia kwamba kufa si jambo geni mwilini. Kila siku chembe hai zetu hufa kwa mamilioni. Zinajikunja kimya kimya, nyingine zinazimeza kabla hazijaoza, na hakuna anayejua kama palikuwa na msiba. Hizi za mguuni zilikuwa zinakufa vibaya. Zilipasuka, zikawamwagia jirani zao uchafu, na chembe za kusafisha zilikuwa zimeelemewa.

Fundi alielewa. Kuna jambo hakumwambia mtu: jioni, alipokuwa akimfuta binti jasho, kitambaa kibichi kiliufuta na mstari. Akaogopa kufokewa. Miaka ishirini amerudishia mistari ya chaki iliyofutika kwenye nguo za watu, na mkono wake haujawahi kumwangusha. Akaazima kalamu, akachora upya.

“Mama, unanishonea suruali?” binti alimtania, midomo imemkauka.

Saa saba za usiku muuguzi alikuja na tochi, akainama, uso ukamkunjuka. Weusi haujavuka, akasema, bado nafasi ya upana wa vidole viwili vizima. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwambia fundi ashukuru.

Fundi alishindwa kushukuru. Binti alikuwa ameacha utani tangu saa nne. Na hiyo nafasi ya vidole viwili ilitoka wapi? Mkono wa mama huchora pale moyo unapotaka. Akisema, mguu unaondoka. Akinyamaza, je?

Akapiga moyo konde, akamfuata muuguzi kwenye korido. “Dada, ule mstari si wa daktari. Ni wangu.”

Muuguzi hakumkaripia, na hilo lilimtisha zaidi. Daktari alikuja mbio, akabonyeza ngozi hadi juu ya goti, akauliza ule wa kwanza ulipita wapi. Fundi akanyoosha kidole. Kiliangukia katikati ya weusi.

Kitanda kikasukumwa. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa saa nane kasoro robo. Kukapambazuka, wafagiaji wakapita mara mbili, na mlango ukabaki umefungwa.