Bunduki Niliyoiangusha Nikanyamaza

Mwanangu, siku nyingi za ujana wangu zimenitoka kichwani. Hata majina ya walimu walionifundisha sekondari kule Uganda siyakumbuki yote. Lakini ipo asubuhi moja inayonijia nikiitaka na nisipoitaka. Ni asubuhi ya kupiga shabaha nje ya Juba, upande wa Jebel Kujur, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyu nimemlea miaka mingi, na leo nataka umjue.

Vita ya kwanza ya Sudan ilikuwa imekwisha na sisi wakimbizi tulikuwa tumerudi. Kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, nilipata kazi katika kikosi kidogo kilichowalinda wakulima wa kando ya mto dhidi ya viboko. Kiboko mmoja akiingia shambani anamaliza mahindi ya familia nzima, na akikutana na mtu njiani hamwachi. Kikosi chetu kilikuwa na bunduki moja tu ya kuwindia iliyomfaa mnyama mkubwa namna ile, na mpigaji wake alikuwa Tombe.

Tombe alinizidi umri kwa miaka miwili, mtu mrefu, mpole, asiyejisifu. Ukimpa risasi tatu, kwa hatua mia moja, matundu yake matatu ungeyafunika kwa kiganja. Wakulima walimjua kwa jina. Mama mmoja wa kisiwa cha mtoni alimwita mtoto wake Tombe, ingawa kwao jina hilo hupewa mtoto kwa zamu yake ya kuzaliwa na zamu ya yule haikuwa hiyo, na watu walicheka sana. Heshima ile ndiyo iliyokuwa mali ya Tombe. Nyingine hakuwa nayo.

Mimi nilikuwa mtunza stoo. Siku mbili kabla ya shabaha nilitumwa kuitoa bunduki stoo na kuipeleka kambini. Amri ilikuwa wazi: bunduki husafiri ndani ya gari, ndani ya mfuko wake. Gari lilichelewa. Nami, mwanangu, nilikuwa na baiskeli, na kule mtaa wa Atlabara kulikuwa na binti ambaye nilitaka anione. Niliitoa bunduki mfukoni, nikaivaa mgongoni, nikazunguka njia ndefu ili nipite mbele ya ua wao. Binti hata hakuwepo. Aliyeniona ni bibi yake, akaniuliza kama natafuta choo.

Nilipokuwa nikirudi kwa aibu na mwendo mkali, gurudumu likaingia kwenye mtaro. Nilianguka upande mmoja, bunduki ikaangukia kitako juu ya jiwe. Niliisikia sauti yake. Haikuwa kubwa, ni kama mtu kuvunja kijiti ndani ya nguo. Niliipangusa, nikaigeuza huku na huku, nikaona mkwaruzo mmoja tu kwenye mbao ya kitako. Nikaupaka rangi ya viatu, nikaung'arisha. Kwa macho, bunduki ilikuwa nzima.

Asubuhi ya shabaha tulikuwa watu kama kumi. Mkubwa wa kikosi alikaa kwenye kiti chake cha turubai. Mtu muhimu zaidi pale, ingawa hakuwa na kiti, alikuwa Mzee Drani, fundi wa bunduki. Alikuwa amejifunza kazi yake katika jeshi la Waingereza, na Kiswahili chake pia, kile cha kambini. Kila mmoja wetu alikuwa na lugha yake ya nyumbani, hivyo tulizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba.

Tombe alilala chini, akapiga tatu. Ya kwanza ilipiga karibu na kati. Ya pili ilikwenda kushoto, shubiri nzima. Ya tatu nusura iikose karatasi.

"Tombe, ya akhuy, ndugu yangu," mmoja akamtania, "karatasi imekukosea nini? Mbona unaizunguka kama mkwe?"

"Labda viboko wamemhonga," akasema mwingine.

Tombe alicheka nao. Mzee Drani hakucheka. Aliichukua bunduki, akaiweka mapajani, akatuangalia sote.

"Mimi bado gusa kitu," alisema. "Kwanza ninyi ambia mimi. Mwezi jana hii bunduki ilipiga sawa. Toka siku ile, kitu gani imeipata?"

Alikuwa akinitazama? Sijui. Alitutazama sote sawasawa. Neno lilikuwa moja tu: imeanguka. Lingechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikaangalia viatu vyangu.

Tazama basi, mwanangu, kazi niliyomtwisha mzee wa watu. Ni kama wewe unapompelekea fundi simu iliyotumbukia majini, akuulize imekuwaje, nawe umjibu, "Imezima tu yenyewe." Fundi atafungua kila kitu isipokuwa penye maji.

Mzee Drani alikuwa na kanuni yake: badilisha kitu kimoja, piga risasi tatu, kisha ndipo useme. Kwanza alibadilisha risasi, akafungua boksi jipya. Matundu yalitawanyika vilevile. Akapanga upya mifuko ya mchanga, mbao ndiyo ilale juu yake na mtutu usiguse kitu. Yakatawanyika. Akasafisha mtutu kwa kitambaa mpaka kikatoka cheupe, Tombe akapiga moja ya kutoa mafuta ambayo haikuhesabiwa, kisha tatu. Yakatawanyika. Jua lilikuwa limeshapanda na risasi zilikuwa zinapungua.

Ndipo akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alimpa Tombe bunduki ambayo ndani yake hakutia risasi, bila kumwambia. Tombe akalenga, akavuta pumzi, akavuta kifyatulio. Kilisikika "tik" tu, na mdomo wa mtutu haukutikisika hata kidogo. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake.

"Mmeona?" Mzee Drani akamwambia mkubwa. "Huyu mtu haogopi teke la bunduki. Mtu iko mzuri. Ugonjwa iko ndani ya chuma au ndani ya mti."

Akachukua bisibisi, akakaza skrubu mbili za chini zinazoshika chuma na mbao. Alitaka Tombe apige tena tatu. Lakini mkubwa alikuwa amechoka na joto. Akaninyooshea kidole mimi. "Wewe mtunza stoo, piga wewe."

"Afande, ngoja," Mzee Drani alisema. "Mimi nimekaza skrubu. Sasa ukibadilisha na mtu, tumebadilisha vitu mbili. Hatutajua gani imeponya."

"Piga!" mkubwa akasema.

Nikapiga. Matundu matatu yalikaa pamoja, karibu karibu, kama mayai kiotani. Watu wakapiga makofi.

"Kalas," mkubwa akasema, yaani yamekwisha. "Bunduki ni nzima. Mtu ndiye mbovu. Tombe, macho yako yamechoka. Kuanzia leo mpigaji ni huyu."

Tombe alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri kusaidiwa kitu kizito. Mimi nilijua, yeye hakujua, na mkubwa hakujua. Nikapokea bunduki ile na makofi yale. Mficha uchi hazai, mwanangu, lakini mimi siku ile nilificha uchi wangu kwa nguo ya mwenzangu.

Wiki ya pili tulirudi pale kujaribu bunduki kabla ya kwenda kazini. Nikapiga mimi, mpigaji mpya. Moja kati, moja kushoto, moja juu. Mzee Drani hakuuliza macho ya nani yamechoka. Alikaa chini, akafungua zile skrubu mbili, akakinyanyua chuma kutoka kwenye mbao. Akapuliza vumbi. Pale chini, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila bisibisi, mbao ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Skrubu zikikazwa, ufa ulishika kwa risasi chache. Teke likizidi, ukaachia, na chuma kikalala kila mara mahali pengine. Ndiyo sababu nilipiga vizuri siku ile. Haikuwa shabaha yangu.

Mzee aligeuza mbao mpaka kwenye kitako. Akaipitishia kidole, akanusa.

"Hii iko rangi ya kiatu," alisema polepole. "Nani hapa navalisha bunduki viatu?"

Hapo ndipo niliposema. Nilisema yote, na baiskeli, na Atlabara. Hakuna aliyecheka. Mzee Drani alisubiri nimalize.

"Bunduki haina mdomo," akaniambia, "lakini siku ile ilinijibu kila risasi. Ilisema, mimi mgonjwa, mimi mgonjwa. Wewe una mdomo, na mimi nilikuuliza kwa Kiswahili unachokijua. Kati yako na kile kipande cha mti, nani ni mtu?"

Niliziokota zile skrubu mbili, nikamkabidhi. Swali lile ninalo mpaka leo.

Mzee Drani alipigilia pini ya shaba kwenye ufa, akatia gundi, akaifunga siku nne. Bunduki ikapona kabisa. Mkubwa akanitoa kwenye upigaji na kunirudisha stoo, akanituma nimlete Tombe. Nilimkuta kwa mama yake kando ya mto, alikorudi baada ya siku ile, akipanda bamia. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Alifukia mbegu aliyoishika, kisha akasema, "Malesh, si neno, ndugu yangu, nimekusamehe. Lakini kwa nini hukusema siku ile ile, wakati mimi bado naujua mkono wangu?"

Sikumwelewa mpaka tulipofika uwanjani. Tombe alilala, akapiga tatu kwa bunduki iliyopona, na matundu yakatawanyika. Mzee Drani akachukua bunduki, akairudisha bila risasi ndani, kama mara ya kwanza. Tombe akavuta. "Tik." Mdomo wa mtutu ukaruka chini, na macho yake, sote tuliona, yalikuwa yamefumbwa. Kwa wiki mbili mtu yule alikuwa ameambiwa kwamba tatizo ni yeye. Kijijini walikuwa wamemwambia, mama yake alikuwa amempaka dawa machoni. Naye akaamini. Uongo wangu ulipoingia kwake ukawa kweli.

Mzee Drani alijaribu naye miezi miwili. Tombe hakurudi alivyokuwa. Akarudi kwenye bamia zake na akaishi kwa amani na kila mtu, na mimi pia, mpaka vita ya pili ilipotutawanya. Sijui kaburi lake liko wapi.

Mwanangu, sikukatazi kuanguka. Nani hajaanguka? Ninachokuomba ni hiki: ukiulizwa na anayetengeneza, awe fundi, daktari, mwalimu au mkeo, sema kilichotokea kabla hajaanza kufungua. Sema ukiwa bado na aibu, maana aibu ya siku moja hutoka na jasho. Ukikiona kitu kimeharibika, usikimbilie kumlaumu aliyekishika mwisho. Badilisha jambo moja, tazama, kisha lingine, hata kama wenye viti wanakuharakisha. Na ukisikia mwenzako analaumiwa kwa kosa unalolijua, usiseme utamsafisha kesho. Kesho utamkuta mtu mwingine. Mbao inakubali gundi. Mtu anaweza kukusamehe na bado asipone.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mkono usiotetemeka, na akuepushe na makofi usiyostahili. Akuweke karibu na watu watakaokuuliza kabla ya kukuhukumu. Na siku ya kuulizwa wewe ikifika, akukumbushe kuwa una mdomo. Amina.