Mbwa Aliyeitwa Toka

Mwaka ulipoanza, Mama Marinda alikuwa na sketi hamsini na mbili za shule za kushona, na mbwa mmoja chini ya cherehani. Kila sketi ilikuwa na marinda kumi na sita, na kila rinda lilitaka kupigwa pasi kabla ya kufumua uzi wa kushikizia. Jina lake la utani lilitoka humo.

Mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa mume wake, dereva wa lori, aliyemleta angali mdogo ndani ya boksi la betri, akampa jina Simba, kisha akaondoka safari ya wiki tatu na kumwachia mkewe kazi ya kumlea simba huyo.

Mbwa alipenda vitambaa. Ukitandika cha kukata, yuko juu yake. Ukigeuka kuchukua chaki, ameshaacha manyoya meupe kwenye bluu. "Toka!" alisema Mama Marinda. Asubuhi toka, mchana toka, wakati wa kula toka. Simba lilitajwa siku mbili tatu kwa mwezi, dereva anaporudi. Toka lilitajwa kutwa. Mbwa akapima mambo kwa akili yake ya kibwa, akaamua anaitwa Toka.

Ikawa ukimfukuza, anakuja. Anakuja mbio, mkia ukigonga milango, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi.

Mwezi wa kumi wa mwaka uliopita dereva alihama. Alipakia nguo zake, redio na godoro jipya, akasema amechoka, akaenda kuishi na mwanamke mwenye duka la vipuri upande wa pili wa mji. Dada yake dereva, aliyekuwa anakaa chumba cha uani, alikataa kumfuata.

"Mimi nilihamia kwa wifi yangu," alisema. "Kaka nilimkuta tu humu ndani."

Mbwa alikaa getini siku kumi na nane. Wifi ndiye aliyezihesabu. Siku ya kumi na tisa aliingia, akajilaza chini ya cherehani, akaweka kidevu juu ya mguu wa Mama Marinda uliokuwa kwenye pedali. Mama Marinda akafungua mdomo aseme neno lake, likamtoka taratibu, halina makali. Tangu hapo alishona na uzito ule mguuni, kidevu kikipanda na kushuka. Neno lilibaki lilelile. Akalisema kama wengine wanavyosema "mwanangu".

Wateja hawakujua. Siku ya pili ya mwaka mama mmoja alikuja kumpimisha binti yake, akasikia "Toka, Toka," akarudi nyuma na mkoba wake.

"Mama Marinda! Hata mwaka haujakauka, unanifukuza?"

"Si wewe, mama. Namwita mbwa."

"Ukimwita hivyo, ukimfukuza unasemaje?"

"Simfukuzi," alisema Mama Marinda, akainama kupima kiuno cha mtoto.

Jumapili kabla ya shule kufunguliwa, dereva alikuja na gari dogo la kuazima, lenye bodi wazi nyuma. Alisimama mlangoni, funguo zikimchezea kidoleni.

"Za mwaka mpya?"

"Za hapa nzuri. Za huko sijui."

"Nimekuja kumchukua mbwa. Dukani tumeibiwa."

Tumeibiwa. Hiyo "tu" ilimchoma Mama Marinda kuliko siku ya godoro.

"Redio ulibeba," alisema. "Godoro ulibeba. Mbwa hukumwona?"

"Mbwa ni wangu. Nilimleta mimi."

"Hata mimi ulinileta wewe."

"Mwambie!" wifi akadakia kutoka jikoni.

Dereva akainama kidogo. "Simba! Simba, njoo!" Mbwa aliangalia ukuta. Dereva akapiga mluzi, akajipiga paja, akaita tena. Mbwa akapiga miayo.

"Kaka," alisema wifi, sasa yuko mlangoni anafuta mikono, "huyo simba wako labda amehamia mbuga nyingine."

Mama Marinda alijua kinachotakiwa: anyamaze tu. Bila lile neno mbwa asingenyanyuka, na dereva hakuwa mtu wa kuvumilia kuchekwa. Angechoka, angeondoka, mbwa angebaki. Akakata uzi kwa meno, akaanza kukanyaga pedali.

"Umemharibu," alisema dereva. "Kila kiumbe ukikaa nacho kinapooza. Mimi mwenyewe nilikuwa napooza humu ndani."

Pedali ikasimama. Mama Marinda aliinuka na mkasi mkononi, akaunyoosha kuelekea getini, na sauti ya miaka yote ikampanda.

"Toka!"

Kabla hajafumba mdomo, mbwa alikuwa amesimama mbele yake, mkia ukienda huku na huku.

Dereva alimtazama mbwa, akamtazama mkewe. Maisha yake yote yalikuwa ya kusoma alama za barabarani.

"Toka," alisema, kwa kujaribu. Masikio ya mbwa yakainuka. "Toka, njoo."

Mbwa akaenda. Alikwenda kwa furaha ileile, kwa kuwa ameitwa. Dereva akamvika kamba, akampakia, akaifunga fupi kwenye chuma nyuma ya kabini.

Mama Marinda alifika getini. "Toka!" aliita. Mbwa aliruka aje, kamba ikamkaba, akaanguka akikohoa. Akainuka, akaruka tena. Mama Marinda akaziba mdomo wake kwa kiganja. Alirudi ndani, akafunga mlango, ili mbwa asimwone.

Nje ufunguo ulizungushwa. Gari lilikoroma, likanyamaza. Likakoroma, likanyamaza. Kila liliponyamaza, alimsikia mbwa akivuta na kukohoa.

Wifi akaingia. "Limegoma. Anaomba asukumwe."

"Anamwomba nani?"

"Sisi. Ana nani mwingine mtaa huu? Mimi siendi. Alale hapohapo na aibu yake."

Kikohozi kikaja tena, kikavu, kirefu. Mama Marinda akavua utepe wa kupimia shingoni, akauweka juu ya sketi.

"Wifi, usiniambie unakwenda," alisema dada wa dereva.

"Anajinyonga yule. Gari likiondoka atatulia."

Mama Marinda alizunguka nyuma ya gari, akainamisha kichwa chini ya ubao wa bodi, akaweka mikono. "Tia gia ya pili," alimwambia dereva, ambaye alikuwa anaendesha tangu kabla hawajaoana. Wifi alikuja pembeni yake akilaani, akaegemeza bega. Wakasukuma kupita duka, kupita mfereji, hadi mteremko ulipowasaidia. Gari likashtuka, likawaka.

Dereva alitoa mkono dirishani, akaupunga, kama anavyoshukuru wapita njia. Nyuma, mbwa alikuwa amegeuka, anamtazama Mama Marinda, anangoja aitwe.