Fundi Aliyeniuliza Gari Linanitisha Wapi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliamka Karatu nikiwa sina pa kwenda, na bado nikawasha gari. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha mapema, si kwa kukosa akili, ila dirisha la darasa lilitazama barabara, na mimi kila barabara nilitaka kujua inaishia wapi. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu niliyoachiwa na marehemu mjomba, aliyekuwa dereva wa shamba la kahawa kule Oldeani.

Lilikuwa gari gonjwa. Kwenye tambarare lilikimbia vizuri, lakini likianza kupanda mlima linakohoa, linaishiwa nguvu, linazimika. Ukiliacha lipumzike kidogo linawaka, kana kwamba halikuwa lenyewe. Nilishalipeleka kwa mafundi wa pale mjini. Mmoja alisema ni plagi kabla hajafungua boneti. Mwingine akasema kabureta, akaifungua, akaifunga, akapangusa mikono. Nami niliwapenda mafundi wa namna hiyo kwa sababu walinitoa wasiwasi upesi. Wakiniuliza gari lina nini, nilisema limelegea kidogo tu. Kijana haoni raha kusema mbele ya watu kwamba gari lake mwenyewe linamtisha.

Nje kidogo ya mji nikasimamishwa na Mama Paulina, Mwiraqw wa makamo, mwenye kibuyu cha asali na kifurushi cha unga. Binti yake alikuwa amejifungua Wasso, naye alikuwa anakwenda kumwogesha mjukuu. Nikamwambia apande, tutafika tutakapofika. Alilizunguka gari lote kwanza.

"Mwanangu," akasema, "hili gari lina mwenyewe, au umeliokota?"

Nilicheka. Baada ya geti la Ngorongoro sikucheka tena. Msitu ulitubana, ukungu ukashuka mpaka nikawa naona boneti na hatua chache mbele yake. Barabara ilikuwa ya udongo, imelowa. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili vilele vya miti vikitokea chini yetu, na chini ya hapo hakuna kitu. Kwenye kona gari likakohoa, likazimika.

Breki ya mguu ilishika nusu. Breki ya mkono ilikuwa pambo. Tukaanza kurudi nyuma, taratibu, na ule mwendo wa polepole ndio uliotisha, maana ulinipa nafasi ya kufikiri. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Mama Paulina hakupiga kelele. Alifungua mlango, akashuka, akasukumiza jiwe nyuma ya tairi. Gari likatulia.

Tulisubiri, likawaka. Akapanda na lile jiwe mapajani, juu ya kanga yake safi. "Wewe shika breki," akasema, "dunia niachie mimi."

Mara ya pili lilizimika mahali pabaya zaidi. Gari lilikuwa linateleza, na palepale kando ya mlango wake tukasikia matawi yakivunjika na pumzi nzito. Nyati. Hatukumwona, ukungu ulimficha, lakini harufu yake iliingia ndani. Mtu mmoja alipaswa kushuka na jiwe. Mimi nisingeweza kuondoa miguu kwenye breki. Tukatazamana. Midomo yake ilikuwa inatembea, nadhani alikuwa anasali. Kisha akashuka. Mwanangu, nimezunguka sana katika nchi hii, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kumsubiri mama yule arudi kwenye kiti chake. Alirudi. Nyati naye akaenda zake.

Mchana tulifika juu, ukingoni mwa kreta, kwenye vibanda vya chai ambapo malori ya Wasso hupumzika. Sikuwa nimewahi kufika pale. Fundi alikuwepo, Shabani, Mnyiramba wa Singida, amejifunga koti zito, anakunywa chai. Nikamwambia gari limelegea kidogo. Hakuinuka.

"Linakutisha wapi?" akaniuliza.

Mama Paulina akajibu, "Linamtisha mlimani. Mimi linanitisha kila akilishika."

"Mwache aseme mwenyewe, mama."

Basi nikasema. Nikaeleza kona, jiwe, nyati, na jinsi mguu unavyozama kwenye breki. Watu wa kibandani walisikia yote. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama likizimika nikisubiri linawaka, nikasema linawaka. Ndipo akaenda, si kwenye injini, bali kwenye tangi.

Mjomba alipopoteza kifuniko aliziba tangi kwa gunzi la mahindi. Miaka ile ya uhaba magari mengi yalitembea hivyo, hakuna aliyeshangaa. Shabani alilichomoa, akalisugua kwa vidole, likamwaga makapi. Akalegeza bomba la chini. Petroli ikatoka, ikapungua, ikakoma. Akachokoa kwa waya, ikatoka tena, ikakoma tena. Makapi ya gunzi yalikuwa yakivutwa kwenye tundu la bomba kila injini ilipotaka petroli nyingi, na tukisimama yanaachia.

Nilitaka atoe makapi tuondoke, mjukuu anasubiri. Akakataa. Tangi lioshwe, likauke mpaka kesho. Nikamwuliza kama breki zitafaa kesho.

"Sijui bado," akasema. "Sijazifungua. Mjukuu anamsubiri bibi mzima."

Mama Paulina alipewa kitanda kwa mwenye kibanda cha chai. Mimi nikapewa chumba cha nyuma, chenye magunia na blanketi linalonuka moshi. Nililala na nguo zangu, na kesho yake, breki zilipokwisha kufunguliwa na kutengenezwa, nikamfikisha Mama Paulina kwa mjukuu wake.

Sasa sikiliza. Ukiwa na gari la zamani, usimchague fundi kwa wepesi wa kukutuliza. Anayekujibu kabla hujamaliza kueleza, ondoka. Anayeuliza, akakwambia hajui mpaka afungue, mngoje, hata kama una haraka. Na wewe usimfiche hofu yako, kwa kuwa pale unapoogopa ndipo ugonjwa ulipo. Ukiificha, mwingine ndiye atakayeshuka na jiwe kwenye ukungu.

Mungu akukutanishe na watu wa kukuuliza, akupe ulimi wa kuwajibu kweli. Kila uendako akufikishe, na waliopanda nawe washuke wazima.