Mchumba Aliyehojiwa kwa Kura Yangu

Wanaouliza kama unaweza kupendana na mtu asiyempigia kura mgombea wako, mimi huwaambia waniulize mimi.

Mimi ni binti wa Ahero, baba yangu mkulima wa mpunga. Mchumba wangu alikuwa mtu wa Kakamega. Tulijuana tukisoma Maseno. Uchaguzi ulipofika, yeye alimpigia mgombea wa watu wetu. Mimi nikampigia yule mwingine. Ndiyo, mimi! Tulibishana wiki nzima, hakuna aliyemshawishi mwenzake, kisha tukashuka Kisumu kula samaki ufuoni. Yakaisha.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Kwetu, mtu akishataja kwao ni wapi, kura yake imeshahesabiwa. Mimi hakuna aliyeniuliza. Binti wa Ahero aulizwe nini?

Basi akaja kujitambulisha kwa baba, pamoja na dada yake mkubwa. Hata hawajanawa mikono, baba mdogo akamwanza: "Nyinyi watu wa huko mlituangusha. Leo unataka binti yetu kwa uso gani?" Baba akakunja uso, na uso huo naujua, ulikuwa wa kukataa. Mchumba wangu akatazama sakafu. Angesema ukweli angeokoka, lakini angenichoma mimi, kwa hiyo akaumeza. Haki niliona aibu. Mtu ananyeshewa na mvua yangu, nami nimesimama tu na birika la maji ya kunawa!

Nikaliweka chini. "Huyu alimpigia mtu wenu," nikasema. "Aliyempigia yule mwingine ni mimi. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyenihonga. Na nikitaka nitampigia tena."

Wee! Shangazi akashika mdomo. Baba mdogo akafoka kwamba nimewaaibisha mbele ya wageni. Nikamwambia aibu ni kumkaripia mgeni kwa jambo ambalo si kosa, tena si lake.

Baba akamgeukia mchumba wangu, uso umemfunguka. "Kumbe wewe ni wetu! Basi mchukue. Lakini niahidi kitu kimoja: huyu utamnyoosha."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho kingevunja uchumba wetu, na hakikuwa kura. Angeitikia, hata kwa mzaha, hata kwa kumpendeza baba tu, ningemsindikiza yeye na dada yake mpaka stendi, tuagane hapo hapo. Nilimpenda, jamani, nilimpenda sana, na bado ningemwacha.

Dada yake alimkanyaga mguu ili aitikie haraka. Niliona.

"Mzee," akasema, "hilo sitakuahidi, hata ukininyima."

Baba alimkazia macho, akaniambia nichukue birika niwanawishe wageni. Kisha akaagiza chakula kiletwe.