Wagonjwa wa Sokoni Babeli

Mzee wa Kiiraki aliyekuwa akija kupimwa presha kwenye zahanati yetu ya mtaa wa Oud Metha, huku ughaibuni, alikuwa mwalimu wa historia mstaafu, na hasira zake zote zilikuwa kwa Wagiriki wa kale. Mimi nilikaa mapokezi, kwa hiyo nilizisikia zote.

“Ati Babeli hakukuwa na waganga!” alinifokea siku moja, akiipigapiga karatasi aliyoichapisha. Mgiriki mmoja aliandika kwamba watu wa Babeli waliwabeba wagonjwa wao hadi sokoni, na ilikuwa mwiko kumpita mgonjwa kimya bila kumuuliza anaumwa nini. “Uwongo mtupu, binti. Sisi dawa tuliziandika kwenye vigae vya udongo. Elimu ya nyota wakaichukua kwetu, kisha wakatutungia visa vya sokoni!”

“Pole, ustadhi,” nikasema. Wallahi, moyoni nilikuwa upande wa Mgiriki. Sikujali alidanganywa na nani. Nilitaka soko hilo liwepo, nami nilazwe katikati yake.

Maana nilikuwa na uvimbe kwenye titi, na wiki ile ile nilikuwa nimepewa fomu ya upasuaji wa Jumatatu. Ilitaka jina la mtu atakayekuja kunichukua hospitali, kwani baada ya sindano ya usingizi hawakuachii utoke peke yako. Nafasi ile niliiacha wazi siku sita. Nilipanda basi la kurudi nyumbani International City nimeikumbatia fomu, nikiwanunia abiria wote, kila mmoja na simu yake. Nilijionea huruma mpaka nikajichukia.

Jumapili nikajikaza, nikamwambia yote dada mmoja wa Malindi niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, muuza viatu. Alikuwa akipiga pasi sare yake. Akaizima pasi, akaketi kitandani kwangu, akanishika mkono.

“Tangu lini?”

“Tangu Ramadhani.”

“Na kila asubuhi nakuuliza, umeamkaje, u mzima? Nawe wanijibuje?”

Kila asubuhi nilimjibu vile nilivyolelewa kujibu: mzima, alhamdulillahi. Nilimjibu hivyo huku nikifunga sidiria kwa uangalifu, upande wa maumivu.

“Alhamisi nilikuuliza mara mbili, maana uso wako sikuupenda,” akasema, sasa akilia. “Siku ile ratiba ya zamu ilikuwa haijatoka, dadangu. Ningeomba ofu. Kesho nina zamu kutwa nzima. Nikikosa, khalas, nimefukuzwa.”