Aliyenipita Mbaraki

Sitaapa, maana mwenye kuapa sana huaminiwa kidogo. Nasema tu kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, jua halijazama, nikiwa sina homa wala usingizi. Ukitaka kuyaita ndoto, yaite. Mimi nilikuwapo.

Mapema miaka ya tisini nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mtaa wa Bondeni, kisiwani kwetu, na sikuwa na jambo kichwani ila mbio za nyika. Kocha sikuwa naye. Nilijifunza kwa magazeti makuukuu, nikajiandikia ratiba katika daftari, na nikichelewa hata nusu dakika, usiku silali. Rafiki yangu Salim, wa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikimbia kwa sababu mimi nilikimbia. Ndiyo kweli yenyewe. Yeye angeridhika na kandanda.

Utauliza, kisiwani nyika iko wapi? Tuliitafuta. Tuliikwepa lami, tukakanyaga majani, mchanga na mawe makali ya juu ya bahari, mpaka kwenye ile nguzo ya kale ya Mbaraki. Pale lazima kila mmoja aiguse kwa kiganja ndipo ageuke. Watu wazima walitukanya kwamba nguzo ile ina wenyewe, na watu huipelekea marashi na ubani. Tulicheka.

Sheria nyingine niliitunga mimi: wa mbele hatazami nyuma. Nilisema kutazama nyuma ni kupoteza hatua, na ni kumdekeza wa nyuma.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia joto la kaskazi, na mchujo wa mkoa ulikuwa umebaki wiki mbili. Nikapanga tukimbie kabla ya futari, ili tukirudi tukute maji. Siku ile Salim akaniambia, "Yakhe, leo kifua chanibana. Tungoje baada ya tarawehe."

"Wewe kila siku una lako," nikamjibu. "Jana goti, leo kifua, kesho utaniambia ukucha."

Akacheka. Akaifunga kwa uzi soli ya raba yake ya kushoto, iliyokuwa imebanduka, tukatoka.

Tuliigusa nguzo, tukageuka. Niliisikia ile soli ikipiga nyuma yangu, pa, pa, pa. Kisha sikuisikia. Hapa ndipo ninapotaka uniamini kuliko kote: nilijua kwamba imekoma. Nikasema moyoni, amechoka, atajijua. Nikaongeza mwendo. Nilifika nyumbani kwa muda ambao sikuwahi kuupata, nikauandika daftarini nikitabasamu. Adhana ikaita, nikala tende.

Mlinzi wa ghala la karibu ndiye aliyemkuta ameketi chini, mkono kifuani. Alimpa maji. Salim akakataa. "Adhana bado, mzee." Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kunywa, lakini nani aliyemfundisha kwamba kuumwa ni kisingizio? Hakufika hospitali.

Mamake, Bi Zuhura, nilimwambia kwamba siku ile tuliachana mapema. Akaniamini. Kila magharibi aliniletea sahani ya futari iliyokuwa ya mwanawe.

Siku ya khitma ya arobaini nilishindwa kukaa mkekani. Niliondoka, nikavaa raba, nikakimbia njia ile ile. Jua lilikuwa bado liko juu ya maji. Karibu na nguzo nikasikia nyuma yangu: pa, pa, pa.

"Yakhe, leo wenda kama bibi harusi!"

Ungefanya nini? Mimi nywele zilinisimama, lakini, Mungu ananiona, nilifurahi.

"Salim?"

"Usizungumze. Utakata pumzi."

Hayo yalikuwa maneno yangu, niliyokuwa nikimkemea nayo. Nikasimama. Nikasema, "Nisamehe. Nilisikia umesimama, nikakuacha." Hatua hazikusimama. Zilinipita, na tone la jasho likaniangukia mkononi, baridi kama maji ya mtungi. Niliuona mgongo wake, fulana imelowa, uzi ukiburuta kwenye raba. Nilimwita kwa jina lake, nikamwita kwa jina la mamake. Hakugeuka. Angegeukaje? Mimi ndiye niliyemfundisha. Aliigusa nguzo, akazunguka nyuma yake, na upande wa pili hakutokea.

Mlinzi alikuwa mlangoni pa ghala. "Leo mmekuja wawili tena," akasema. Kisha nikamwona akifikiri, akatafuta kiti chake kwa mkono, akaketi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura, wageni wakiwa wanatoka. Nikamweleza yote. Alikuwa akikusanya vikombe vya kahawa, hakuviweka chini.

"Ungalirudi, ungalimkuta yu hai?"

"Sijui, mama."

"Basi na mimi sijui. Nenda zako."

Ramadhani iliyofuata sahani haikuja. Tukikutana njiani huitikia salamu yangu kamili, kama aitikiavyo ya mgeni. Mchujo sikwenda, na mpaka leo siwezi kutembea mbele ya mtu, humwambia, tangulia.

Nawe unayefanya mazoezi na mwenzako, nisikilize. Ukisikia amesimama, rudi. Usingoje akuite. Wengine huona haya kuita.