Makaa ya Garimoshi la Baba

Moshi wa makaa yasiyoiva hauna adabu. Huingia machoni, hushika koo, na hukaa kwenye nguo hata ukizifua mara mbili. Juzi niliuziwa gunia la namna hiyo, nikawasha jiko, na kabla chai haijachemka nilikuwa nacheka peke yangu huku machozi yakinitoka. Ngojeni niwaambie kilichonichekesha.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Garsen. Garsen haina reli, lakini baba aliwahi kuliona garimoshi Mombasa akiwa kijana, na hakupona. Akaniundia la kwetu, kubwa kama mbuzi aliyelala: mtungi mkuukuu wa gesi ndio tangi la maji, chini yake kisanduku cha moto, na reli za vyuma chakavu kuzunguka ua. Lilikwenda kwa mvuke kweli kweli, likivuta kigari cha watoto wawili. Kazi ya moto alinipa mimi. "Hawa, usiushindilie," alikuwa akiniambia. "Weka kidogo, toa majivu, uache upumue." Ikafika mahali nikawa najua kwa mlio tu kama moto umeshiba au una njaa.

Baba alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, mdogo wake, ami Komora, alikuja na mkokoteni. Akachukua mashine ya kuchomelea, akachukua nyundo, na mwisho akabeba garimoshi na reli zake. "Hiki ni chombo cha mwanamume," akasema, akampa mwanawe Jilo. Mama hakujibu. Alikaa chini, kanga kichwani, akiuangalia mkokoteni ukitoka. Nilimchukia kwa kimya kile karibu kama nilivyomchukia ami.

Mimi nilibaki na dua. Kila baada ya swala nilimwomba Mungu amvunje ami mguu. Kisha nikaona mguu hautoshi, nikaomba garimoshi limkatae mbele ya watu.

Idd ikafika. Ami alitandaza reli uwanjani, akavaa kanzu nyeupe pee, akatangaza kwamba Jilo atawabeba watoto wa mji mzima. Asubuhi hiyo Jilo alikuja kwetu kununua makaa, maana mama ndiye aliyekuwa akiuza makaa mtaani. Mama alimjazia ndoo kwa mkono wake, akitabasamu. "Chukua, baba. Yakiisha rudi, nitakupa mengine." Nilitamani kuipiga teke ile ndoo.

Nilikaa kando ya uwanja nikirudia dua yangu. Jilo alikishindilia kisanduku mpaka mlangoni. Ukatoka moshi mzito wa manjano. Akaongeza makaa. Garimoshi likakohoa, likasogea kidogo, likasimama. Watoto wakashuka kwenye kigari wakilia, Jilo akapuliza mpaka nyusi zikaungua, na kanzu ya ami ikawa rangi ya sufuria. Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote.

"Hawa, njoo umsaidie nduguyo," ami akaniita.

"Mimi? Si ni chombo cha mwanamume, ami?"

Jioni mkokoteni ulirudi kwetu. "Chukueni balaa lenu," ami akasema, na hata maji ya kunywa hakutaka. Mama akainamisha kichwa. "Ahsante, shemeji."

Kwa miaka mingi niliamini ni dua yangu. Nilitembea mtaani kama walii, na Jilo akinikosea nilimtishia kwamba nitamwombea.

Mpaka juzi, mbele ya jiko langu, nilipouona tena moshi ule ule wa manjano. Mama hakuwahi kumuuzia mtu makaa mabichi. Aliyagonga kipande kwa kipande akisikiliza mlio, na mabaya alimrudishia mchomaji. Nikampigia mama simu huko Wenje, anakoishi siku hizi.

"Mama, yale makaa ya Jilo siku ya Idd uliyatoa wapi?"

Akanyamaza. Kilikuwa kimya kile kile cha siku ya mkokoteni, ambacho mimi, kwa utoto wangu, nilikidhania unyonge.

"Niliyatenga siku ile ile waliyobeba vitu vya babako, mwanangu," akasema. "Na yaliyobaki bado ninayo."